Ukisusa peke yako, wenzio wala

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, na hasa bei inapotangazwa kuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, hakosekani mkulima wa kusimama mkutanoni na kusema, "Ndugu zangu, safari hii tususie." Makofi hupigwa, watu hutawanyika wakiwa na ari. Baada ya wiki mbili ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, na yule aliyepiga makofi kuliko wote anaonekana usiku akipakia magunia yake kwenye pikapu ya mnunuzi aliyesusiwa.

Wafanyabiashara wadogo nao wana hadithi yao. Ushuru wa soko ukipanda, au muuzaji wa jumla akipandisha bei bila maelezo, wanakubaliana kufunga vibanda au kutonunua kwake. Siku ya kwanza wote wamefunga. Siku ya tatu watatu wamefungua nusu mlango. Siku ya tano waliobaki wamefunga ndio wanaochekwa.

Siku hizi vijana waliosoma huliita jambo hili boikoti. Ni neno la Kiingereza ambalo limeenea dunia nzima, na wengi wanalitumia bila kujua lilikotoka. Leo tumeona tulizungumze neno hili kwa sababu moja kubwa: halikuzaliwa chuo kikuu wala katika ofisi za wanasiasa. Lilizaliwa shambani, wakati wa mavuno, katika ugomvi wa wakulima wadogo na msimamizi wa ardhi. Anayejua jinsi lilivyozaliwa atajua pia kwa nini kususia kwa wengine kulifanikiwa na kwetu mara nyingi kunaishia kwenye makofi.

Neno lililotokana na jina la mtu

Boycott lilikuwa jina la mtu. Charles Cunningham Boycott alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Norfolk mwaka 1832, akapitia jeshini kwa muda mfupi, kisha akaenda kuishi Ireland. Watu walimwita Kapteni Boycott. Katika miaka ya 1870 alikuwa wakala wa kabaila mmoja, Lord Erne, katika kaunti ya Mayo, magharibi ya Ireland, karibu na ziwa liitwalo Lough Mask. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi kutoka kwa wakulima wapangaji, na mwenyewe pia alikuwa na shamba kubwa alilolikodi.

Wakati huo Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila wachache. Mkulima alilima ardhi isiyo yake, alilipa kodi, na akishindwa kulipa aliondolewa yeye na watoto wake. Watu walikuwa bado wanakumbuka njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kushambuliwa na ugonjwa. Watu wapatao milioni moja walikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mavuno yakawa mabaya tena, na hofu ikarudi.

Mwezi Oktoba 1879 wakulima wakaunda umoja wao, uliojulikana kama Land League, yaani Umoja wa Ardhi. Mwanzilishi mkuu alikuwa Michael Davitt, ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa katika ardhi yake alipokuwa mtoto. Mwenyekiti alikuwa mbunge Charles Stewart Parnell.

Mwaka 1880 Lord Erne alikubali kupunguza kodi kwa asilimia 10 kwa sababu ya mavuno mabaya. Wapangaji wakasema haitoshi, wakataka asilimia 25. Kabaila akakataa. Boycott akachukua hati za mahakama za kuwaondoa wapangaji 11.

Siku chache kabla ya hati hizo kusambazwa, tarehe 19 Septemba 1880, Parnell alihutubia mkutano katika mji wa Ennis. Aliwauliza watu wamfanye nini mtu anayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Baadhi wakapaza sauti kwamba auawe. Parnell akawaambia iko njia bora zaidi: asiguswe, bali atengwe. Asisalimiwe barabarani, asihudumiwe dukani, asisogelewe sokoni wala kanisani, mpaka ajue kwamba watu wote wamelikataa alilolifanya.

Hati zilipoanza kusambazwa pale Lough Mask, mpeleka hati alifukuzwa na akina mama kwa mawe na matope. Baada ya hapo silaha ile mpya ikamwangukia Boycott. Vibarua wa shambani waliacha kazi. Watumishi wa nyumbani wakaondoka. Mhunzi akakataa kupiga kwato za farasi wake, mfuaji akakataa nguo zake, na kijana aliyepeleka barua akaacha kuzipeleka. Wenye maduka katika mji wa jirani wa Ballinrobe hawakumuuzia hata mkate, ikabidi chakula chake kiletwe kutoka mbali. Mazao yake yalikuwa yamekomaa na hakuna mkono wa kuyavuna.

Boycott aliandika barua kwenye gazeti la The Times la London mwezi Oktoba akieleza masaibu yake. Habari zikaenea Uingereza yote. Mwezi Novemba vibarua 50 wakaletwa kutoka kaunti za Cavan na Monaghan, watu waliokuwa upande wa serikali, ili wamvunie. Wakalindwa na askari na polisi wapatao 1,000. Waliposhuka kwenye treni hakuna mwenye gari la farasi aliyekubali kuwabeba, wakatembea kwa miguu kwenye mvua.

Kwa muda wa majuma mawili walivuna viazi, nafaka na mizizi ya kulishia mifugo. Hesabu iliyotolewa baadaye ni kwamba mazao yenye thamani ya pauni 500 hivi yalivunwa kwa gharama isiyopungua pauni 10,000. Boycott mwenyewe aliondoka mwishoni mwa Novemba ndani ya gari la wagonjwa la jeshi, kwa sababu hakuna dereva wa kawaida aliyekubali kumpeleka kituoni. Alipofika hotelini Dublin, mwenye hoteli akapokea barua ya vitisho, ikambidi ahame na kuvuka kwenda Uingereza.

Na neno je? Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alisimulia kwamba alikuwa akila na padri wa eneo hilo, John O'Malley, akawa anatafuta neno la kuelezea adhabu ile. Neno la kisomi la kutenga mtu lilikuwepo, lakini padri alisema wakulima wake wasingelielewa. Akafikiri kidogo, kisha akasema: kwa nini tusiseme 'kumboycott'? Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yanalitumia. Haukupita muda mrefu, Wafaransa, Wajerumani na Warusi nao wakalichukua katika lugha zao. Mwenye jina alikufa mwaka 1897, neno lake likabaki.

Kwa nini walifanikiwa

Tusidanganyike kwamba wakulima wale walishinda kwa sababu walikuwa na hasira kuliko sisi. Ukiiangalia hadithi hii kwa makini utaona mambo manne.

Kwanza, walikuwa na umoja uliokwisha kuundwa. Land League ilikuwa na karibu mwaka mzima kabla ya tukio la Lough Mask. Haikuundwa siku ya ugomvi.

Pili, dai lao lilikuwa moja, na lilikuwa na tarakimu: asilimia 25. Hawakusema tu kwamba wanaonewa. Walijua wanachotaka, na aliyeambiwa alijua akitoa nini mambo yataisha.

Tatu, walichagua wakati na mahali ambapo mwenzao angeumia kuliko wao. Boycott alikuwa na mazao shambani yanayosubiri kuvunwa. Kila siku iliyopita ilikuwa hasara yake, si yao.

Nne, kila mtu alihusika. Mhunzi na mfuaji hawakuwa na hati ya kufukuzwa. Mwenye duka alipoteza mteja mwenye fedha. Hata hivyo walisimama na wakulima, kwa sababu mkulima akifukuzwa na duka lake linakufa. Wafanyabiashara wadogo wanaosoma ukurasa huu wayatafakari maneno haya.

Hatusemi kwamba mambo yaliisha vizuri mara moja. Mapambano ya ardhi Ireland yalikuwa na damu pia, watu waliuawa. Mwezi Oktoba 1881 serikali iliupiga marufuku Umoja wa Ardhi, na Parnell akawekwa gerezani. Lakini mwaka huo huo 1881 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ardhi iliyompa mkulima mpangaji kodi ya haki iliyoweza kuamuliwa na mahakama, uhakika wa kutoondolewa ovyo akilipa kodi yake, na haki ya kuuza maslahi yake katika shamba.

Kususa na kususia

Sisi Waswahili tuna maneno yetu. Kususa ni kukataa kitu kwa kukasirika, kama mtoto anavyosusa chakula. Anayesusa anaumia mwenyewe, na ndiyo maana watu husema: ukisusa, wenzio wala. Sahani inabaki pale pale, na wanaokula wanafurahi kwamba mmoja amepungua.

Kususia ni kukataa kwa lengo, ukimlenga mtu au jambo fulani ili libadilike. Kugoma nako ni kuacha kazi. Na liko neno la zamani zaidi, kutenga. Katika vijiji vyetu vingi, mtu asiyekwenda kuzika wenzake, asiyechangia msiba wala kuchimba kaburi, siku moja hufikwa na msiba wake akakuta uwanja mtupu. Haendewi mpaka akiri kosa na kulipa faini ya kijiji. Babu zetu hawakuhitaji kumsikia Kapteni Boycott ili kuijua adhabu hii.

Tofauti ya kususa na kususia ndiyo kiini cha tahariri hii. Mkulima mmoja anayeficha magunia matano ndani kwa hasira anasusa. Chama chenye wakulima 500, chenye ghala, chenye bei iliyokubaliwa na chenye mtu wa kuzungumza na mnunuzi, hicho kinaweza kususia.

Mifano ya mazao

Ipo mifano iliyo karibu na sisi kuliko Ireland. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitoa sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu ukiritimba katika ununuzi wa karafuu za kusafirishwa nje. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima aliyekuwa amezama katika madeni ya wafanyabiashara. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakisafirisha karafuu wakaona wanaondolewa sokoni. Wakagoma kununua. India kwenyewe, chama cha Indian National Congress kikawaunga mkono, na karafuu za Zanzibar zikasusiwa katika nchi iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Mwaka 1938 serikali ikakaa mezani, na wafanyabiashara wale wakarudishiwa nafasi katika biashara ya kusafirisha.

Hapa tuone jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Silaha ya kususia si mali ya wakulima peke yao. Mnunuzi naye anayo, na anapoitumia, anayebaki na zao mkononi ni mkulima.

Miezi hiyo hiyo, upande wa pili wa Afrika, wakulima wa kakao wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, walifanya yao. Kampuni kubwa za Ulaya zilizonunua kakao zilikubaliana kugawana soko na kutoshindana kwa bei. Wakulima walipopata habari, kuanzia Oktoba 1937 wakaacha kuuza. Machifu wakawaunga mkono. Wakasusia pia bidhaa nyingi za madukani za kampuni zile zile, kwa sababu walijua kampuni inayonunua kakao yako ndiyo inayokuuzia kitambaa na sabuni. Hali iliendelea mpaka Aprili 1938, serikali ya Uingereza ilipotuma tume iliyoongozwa na William Nowell. Makubaliano ya kununua yakasitishwa, na tume ikapendekeza yaondolewe.

Kwa nini wakulima wa kakao waliweza kukaa miezi yote hiyo? Kakao iliyokaushwa vizuri inaweza kukaa. Mwenye nyanya, maziwa au ndizi asijilinganishe naye. Nyanya haijui mgomo, baada ya siku chache imeoza. Hata hivyo wakulima wale nao hawakupata kila walichotaka. Vita kuu ilipoanza mwaka 1939 serikali ilichukua ununuzi wa kakao mikononi mwake, na baada ya vita ikaja bodi ya mazao. Walikwepa umoja wa wanunuzi wakaangukia kwa mnunuzi mmoja.

Hapa nyumbani tunakumbuka msimu wa korosho wa mwaka 2018. Mwezi Oktoba wakulima wa mikoa ya kusini walizikataa bei za mnada zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, baada ya msimu uliotangulia kuwapa bei nzuri zaidi. Waliweza kukataa kwa sababu korosho zilikuwa ghalani, zimepimwa, na zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima aliyekwisha kuuza kwa kangomba shambani hakuwa na la kukataa. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Bei ilipanda, hilo halina ubishi. Lakini wanunuzi binafsi waliondoka, uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wengi walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata. Funzo ni kwamba kukataa bei ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua nani atanunua baada ya wewe kukataa, na atalipa lini.

Anayeumia ni nani?

Mnunuzi wa rejareja naye ana nguvu. Tarehe 26 Juni 1959 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliozungumza katika mkutano wa London ulioanzisha kampeni ya kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Ombi lilikuwa dogo: ukienda dukani, acha tunda hili, chukua lile. Kampeni hiyo ilikua ikawa harakati ya kupinga ubaguzi wa rangi iliyodumu zaidi ya miaka 30.

Lakini kususia kunaweza kumpiga ambaye hakulengwa. Mwezi Aprili 2018 wananchi wa Morocco waliokasirishwa na gharama za maisha walianza kususia bidhaa za kampuni tatu: za mafuta ya magari, maji ya chupa na maziwa. Kampuni ya maziwa, Centrale Danone, ilipata hasara kubwa, hatimaye ikashusha bei ya maziwa yake. Kwa mlaji huo ulikuwa ushindi. Lakini kabla ya hapo kampuni ilitangaza kupunguza kwa asilimia 30 maziwa inayonunua kutoka kwa wafugaji, nayo ilikuwa ikinunua kwa wafugaji wapatao 120,000. Ng'ombe hawakujua kuna mgomo, waliendelea kutoa maziwa.

Uganda mwaka 1959 kulikuwa na mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika huko Buganda, ulioitishwa na Uganda National Movement. Lilikuwapo dai la kweli ndani yake, kwa sababu Waafrika walibanwa katika biashara. Lakini walioendelea kununua walitishwa na kupigwa, mali zikaharibiwa, na chama kikapigwa marufuku miezi michache baada ya kuanza. Vilevile jambo lililoanza kama ugomvi wa biashara likawa ugomvi wa rangi. Gazeti hili halitaunga mkono hata siku moja kumsusia mtu kwa kabila lake, dini yake au rangi yake. Anayesusiwa ni tendo, si damu.

Sheria inasemaje

Wafanyabiashara, hapa tunaomba msome mara mbili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza makubaliano ya aina tatu kwa majina yake: washindani kupanga bei kwa pamoja, washindani kususia kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ushindani.

Maana yake ni nini? Mlaji mmoja mmoja akiamua kutonunua sabuni fulani, hiyo ni hiari yake. Lakini wenye maduka wanaoshindana wakikaa kikao na kuandikiana kwamba hakuna kumuuzia fulani au kununua kwa fulani, wameingia katika eneo la sheria. Wanunuzi wa mazao wanaokubaliana wasinunue katika kijiji fulani mpaka bei ishuke, nao wameingia humo humo. Mkulima anayeyaona hayo asibaki kulalamika kijiweni. Ana mahali pa kupeleka malalamiko. Na chama cha wakulima kinachofikiria hatua kama hii kimwone kwanza ofisa ushirika na mwanasheria kabla ya kupiga kura.

Maswali kabla ya makofi

Hatuandiki haya ili kuwakatisha tamaa wakulima. Bei ndogo ni jambo la kweli, mizani iliyochezewa ni jambo la kweli, na lumbesa ni jambo la kweli. Ipo siku kukataa ndiyo njia pekee ya heshima iliyobaki. Lakini kabla ya kusema "tususie", tunashauri kila kikao kijibu maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Zao letu linakaa muda gani bila kuharibika? Kama ni mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri, mna miezi. Kama ni maziwa, mna saa. Muda wa zao ndio muda wa mgomo wenu.

Kila nyumba ina akiba ya muda gani? Mgomo hauvunjwi na wasaliti kwanza, unavunjwa na njaa na ada ya shule. Chama chenye akiba kinaweza kumkopesha mwanachama dhidi ya magunia yaliyo ghalani, na huo ndio uzuri wa stakabadhi tangu sheria yake ilipopitishwa mwaka 2005. Chama kisicho na akiba kinamwomba mwanachama afe njaa kwa ajili ya wenzake, naye hatakubali.

Dai letu ni lipi kwa tarakimu? Shilingi ngapi kwa kilo, mizani ya nani, malipo ndani ya siku ngapi? Na tukipewa nusu ya tulichoomba, tutakubali au la? Jambo hili liamuliwe mapema, si usiku wa mwisho.

Mnunuzi tunayemsusia ana pengine pa kwenda? Kama wilaya ya jirani ina zao hilo hilo na wenyewe wanauza, ninyi mnasusa, hamsusii. Tumeni wajumbe kwa jirani kwanza.

Nani mwingine ataumia? Mpakiaji, mwenye lori, mama anayeuza chakula mnadani, wote wanaishi kwa mnunuzi yule yule. Wakihusishwa tangu mwanzo watakuwa kama mhunzi na mfuaji wa Ballinrobe. Wakisahauliwa watakuwa wa kwanza kuwapinga.

Na mwisho, je, tumekwisha kuzungumza naye? Wakulima wa Mayo waliomba kwanza. Waliomba punguzo, wakapewa asilimia 10, wakasema haitoshi, wakakataliwa. Kususia kulikuja baada ya mlango kufungwa. Mtu anayesusia kabla ya kubisha hodi hana wa kumlaumu.

Biashara ni uhusiano

Kununua na kuuza ni uhusiano kati ya watu. Mnunuzi anamhitaji mkulima, mkulima anamhitaji mnunuzi, na wote wawili watakutana tena msimu ujao. Hata Kapteni Boycott alirudi Lough Mask mwaka 1881, akakuta hali imetulia, na akaendelea kuwapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia tena Uingereza mwaka 1886. Wale wale waliokataa kumuuzia mkate waliishi naye tena. Wewe nawe, ukigombana na mnunuzi wako leo, gombana naye kwa namna itakayokuruhusu kufanya naye biashara kesho.

Ushauri wetu ni kwamba nguvu ya kususia ijengwe wakati hakuna ugomvi. Jengeni ghala wakati bei ni nzuri. Wekeni akiba wakati korosho, pamba au kahawa imelipa. Fanyeni uchaguzi wa viongozi waaminifu wakati hakuna moto. Chama cha namna hiyo mara nyingi hakihitaji hata kususia, kwa sababu mnunuzi anayekaa nacho mezani anajua kwamba kinaweza.

Na yule mkulima atakayesimama mkutanoni msimu ujao na kusema "tususie", asipigiwe makofi haraka. Aulizwe kwanza: ghala liko wapi, akiba ni kiasi gani, na nani amekwenda kuzungumza na wenzetu wa wilaya ya jirani? Akiwa na majibu, tumuunge mkono sote. Kama hana, tumwombe aketi, tuanze kazi ya kuyatafuta.